Jumatatu ya Pasaka na Kamba Yetu ya Bidoni

Jumanne, siku moja baada ya sikukuu. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa ni saa nane za mchana bado haijaamua kuacha. Milima ya nyuma ya mji haionekani kabisa. Barabara ni tope, wateja hawaji, cherehani nimeifunika kitambaa. Mabega yananiuma kana kwamba nimebeba gunia la mihogo kutoka Makobola hadi hapa kwa miguu.

Nina furaha.

Hapana, neno si hilo. Ninajivuna. Nyumbani tulifundishwa kwamba mwenye adabu huwaachia wengine kazi ya kumsifu. Leo mniwie radhi. Leo nitajisifu mwenyewe, hapa hapa, kisha kesho nitairudia adabu yangu.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii: naitwa Zaina. Ni fundi wa nguo hapa Uvira, na ateliye yangu ya kushonea iko upande wa chini wa barabara kuu, mahali ambapo cherehani ikinyamaza unasikia ziwa. Nina miaka arobaini na miwili. Ni Mwislamu, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa, lakini Pasaka huwa ni sikukuu yangu pia kwa njia yangu. Wiki nzima kabla yake nashona hadi vidole vinakufa ganzi. Ijumaa Kuu waumini wakipanda kilima na Njia ya Msalaba, mimi napiga pasi. Jumapili misa ikitoka, nasimama mlangoni na kuhesabu: gauni lile ni langu, suti ile ya mtoto ni yangu, yale mabega yaliyokaa vizuri ni yangu.

Halafu inakuja Jumatatu.

Jumatatu ya Pasaka mji mzima unashuka ziwani. Wanaotoka uwanda wa Ruzizi wanakuja kwa baiskeli na pikipiki, mke nyuma, mtoto katikati, sufuria mkononi. Wa Kavimvira wanashuka, wa Kalundu wanapanda. Vijana wanacheza mpira kwenye mchanga, wanawake wanachoma samaki wa mukeke, muziki unatoka pande tatu na hakuna anayejali kwamba nyimbo zinagombana. Na watoto wanaingia majini. Wote. Hata wale ambao ziwa wanaliona mara moja kwa mwaka.

Siku hiyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, mimi nilikuwa najifungia nyumbani, nafunga na dirisha.

Hili sijawahi kuliandika. Nilikuwa na mdogo wangu, Saidi, miaka saba. Mimi nilikuwa na kumi. Jumatatu moja ya Pasaka tuliomba ruhusa twende kuangalia sikukuu ya wenzetu, tukapewa. Niliambiwa nisimwachie mkono. Nilimwachia. Mwanamke mmoja alikuwa anakaanga mandazi pale juu, nikaenda kununua mawili, lake na langu. Niliporudi, mahali pake palikuwa na kandambili tu.

Wavuvi walimleta jioni.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Mama alilia na kunikumbatia. Baba hakusema kitu, si siku ile wala baadaye. Nilikua nikiusoma ukimya wake kama mtu anayesoma barua, na kila mara niliisoma vilevile: ni weye. Baba hakukanyaga tena ufukweni. Ukitaka kumwona akizunguka mji mzima ili asipite njia ya chini, mtume bandarini. Wanangu wawili, ambao sasa wako masomoni Bukavu, wamezaliwa hatua mia tatu kutoka majini na hakuna anayejua kuogelea. Ni mimi niliyewakataza. Niliwaambia kuna mamba.

Mwaka jana, Jumatatu hiyo hiyo, nilikuwa nimefunga dirisha kama kawaida. Kilio kilipita barabarani. Kilio cha aina ile humuulizi mtu ni cha nini. Ziwa lilikuwa limechukua mtoto wa mtaa wa pili, msichana niliyemshonea gauni la zambarau siku nne kabla. Nilikaa kitandani na kujiuliza: Zaina, umefunga dirisha miaka yote hii, na dirisha limemwokoa nani?

Wiki iliyofuata nilimwambia Feza anifundishe kuogelea.

Feza ni rafiki yangu, muuza samaki, mzaliwa wa Makobola, aliyekulia kati ya kaka watano wavuvi. Anaogelea kama wengine wanavyotembea kwenda sokoni. Alinitazama, akauliza kama nina homa. Kisha akaniambia nishone kitu cha kuvaa. Nilishona suruali na kanzu fupi ya kitambaa kisichoshika maji, na kilemba cha kukaza. Nilishona mara tatu. Ya kwanza ilijaa hewa ikawa kama puto, Feza akacheka hadi akakaa chini.

Tulianza kiangazi, saa kumi na mbili za asubuhi, kabla mji haujaamka vizuri. Mwezi mzima nilisimama na maji kiunoni nikitetemeka, na si kwa baridi. Nikiweka uso majini naona kandambili. Feza hakunisukuma. Alisimama pembeni akiongea habari za soko, bei ya ndagala, mume wa fulani. Siku moja akaniambia, "Zaina, weye unashikaka maji sawa muntu anakunja nguo. Acha maji ikushike." Nililegeza shingo. Maji yakanishika.

Nililia nikiwa chali, masikio ndani ya maji, machozi yakiingia ziwani. Ndiyo maana hakuna aliyejua.

Lakini kwamba naogelea Baba alijua, kwa sababu mji huu hauna siri. Aliambiwa dukani kwake kwamba binti yake, mtu mzima, anaonekana ziwani na nguo zimelowa. Aliniita. Nilitegemea hasira. Alikunja kitambaa alichokuwa anakunja, akakiweka kwenye rafu, akasema, "Minye sikatazi. Lakini ziwa haiko na rafiki." Basi. Tukarudi kwenye ukimya wetu.

Wazo la kamba lilikuja mwezi wa pili mwaka huu. Tangu ziwa lilipopanda na kula nyumba za chini, ufukwe wetu si ule wa zamani. Unaweza kuwa unatembea maji ya magoti, kumbe umesimama juu ya ukuta wa nyumba ya mtu. Ukipiga hatua moja zaidi, hakuna chini. Sisi wa mtaa tunajua kuta ziko wapi. Mtoto wa kutoka milimani hajui. Nilimwambia Feza: tuchague sehemu moja, tuisafishe, tuizungushie kamba, watoto waogelee ndani tu. Akasema kamba peke yake ni mchezo, lazima na macho yawepo.

Tulipata macho kumi na nne. Yaani wanawake saba: mimi, Feza, na wengine watano waliokuwa wameanza kuja asubuhi kuoga karibu nasi wakijifanya hawatuangalii. Chefu, mkuu wa mtaa, aliturudisha mara mbili, akisema sikukuu haina sheria, nani atawasikiliza wanawake saba? Mara ya tatu Feza alimwuliza kama mwaka huu atakuwa tayari kwenda yeye mwenyewe kumpa habari mama wa mtoto atakayezama. Akatukubalia.

Wavuvi walituambia tuchague mbali na mdomo wa mto, kwa sababu ya viboko. Jumamosi kabla ya Pasaka, badala ya kushona, nilikuwa majini natoa matofali. Nilifungua mlango wa ateliye saa tano badala ya saa moja, na wateja walikuwa wamejipanga, hasira usoni. Niliwaambia ukweli. Hasira ikapoa, na mwanamume mmoja akaacha suruali yake kwenye kiti akaenda kusaidia kubeba tofali.

Kamba ilikuwa ya nailoni, ya wavuvi, na kila baada ya hatua tano tulifunga bidoni tupu, yale madumu ya manjano ya mafuta. Ukisimama juu barabarani unaona duara la manjano juu ya maji ya buluu. Jumapili jioni nilisimama pale nikaliangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi kuliangalia gauni lolote.

Shida iliyobaki ilikuwa kujua nani yuko ndani na nani ametoka. Hilo nililitatua mimi, na hapa ndipo kujisifu kwangu kunapoanza rasmi. Mshonaji ana mali moja ambayo hakuna anayeitaka: vipande. Gunia zima la vipande vya vitenge. Kila mtoto anayeingia anafungwa kipande mkononi. Pacha wa kipande hicho, kitambaa kile kile, kinafungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo tuliyoitundika kati ya miti miwili. Mtoto akitoka anafunguliwa kipande chake, kinafungwa pembeni ya pacha wake. Kipande kilicho peke yake ni mtoto aliye majini. Hata asiyejua kusoma anasoma kamba ile.

Jana asubuhi jua lilitoka kali. Saa nne ufukwe ulikuwa umejaa. Nilifikiri wazazi watatubishia, lakini mama wa kwanza alipofungiwa mtoto wake kipande cha maua mekundu, watoto wengine wote walikitaka. Ikawa fasheni. Walikuja wenyewe, mikono mbele, wakichagua rangi. Niliishiwa na njano kabla ya saa sita.

Feza alikaa upande wa kusini wa duara, mimi wa kaskazini, maji kifuani, na wengine katikati, isipokuwa mmoja aliyebaki juu kufunga vipande. Kila mmoja wetu alikuwa na bidoni dogo tupu la lita tano limefungwa kiunoni kwa kamba fupi, linaelea nyuma yake kama mkia. Watoto walituita mama-mkia. Mimi nimeitwa majina mengi, hilo sitalisahau.

Kwenye saa saba nilitoka kunywa maji, nikamwona Baba.

Alikuwa amesimama juu, pale mchanga unapoanza, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Watu walimpita kulia na kushoto. Nilidhani amekuja kunirudisha nyumbani. Nilisimama nikiwa nimelowa, kilemba kimeteremka, nikajisikia nina miaka kumi. Hakuniangalia mimi. Aliangalia kamba ya vipande kwa muda mrefu, jicho la mfanyabiashara wa vitambaa, mwisho akamwuliza mwenzetu aliyekuwa anafunga watoto kama anaweza kumsaidia. Akavuta kiti. Akaanza kufunga vipande mikononi mwa watoto wa Pasaka, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwuliza jina lake na jina la mama yake.

Nilirudi majini haraka. Sikutaka anione uso.

Kati ya watoto aliowafunga Baba alikuwepo Chantal. Ni msichana wa miaka tisa kutoka Rurambo, kule juu kwa wafugaji, ambaye alikuwa ameteremka kupitisha congé, likizo ya Pasaka, kwa shangazi yake, Mama Devota, mkulima wa uwandani. Chantal anajua ng'ombe na anajua milima. Ziwa alikuwa hajawahi kuligusa. Mama Devota alikuja na mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ule mweusi mkubwa, ili mtoto akae juu yake asizame. Tulimruhusu. Hilo lilikuwa kosa letu, na naliandika ili tusilirudie.

Kwenye saa tisa hivi milima ilibadilika rangi. Anayeishi hapa anaijua ile: kwanza kijani kinakuwa cheusi, halafu upepo wa baridi unashuka kutoka juu ghafla na kusukuma kila kitu kuelekea ndani ya ziwa. Miavuli iliruka, muziki ukakatika. Feza alipiga filimbi na sisi sote tukaanza kuwatoa watoto. Walitoka vizuri kuliko nilivyoogopa. Ndani ya dakika chache duara lilikuwa tupu, na huko juu Baba na mwenzetu walikuwa wanafungua vipande kwa haraka na kuvirudisha kwa pacha wao.

Kisha nilisikia sauti ya Baba. Sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda maishani mwangu.

"Zaina. Kimoja kimebaki. Kijani, madoa meupe."

Mama Devota alikuwa nyuma yake, anageuka huku na huku. "Chantal iko wapi? Mana yanje, Mungu wangu, Chantal iko wapi?"

Nilimwona kabla ya wengine kwa sababu nilikuwa bado majini. Kitu cheusi, mbali ng'ambo ya bidoni, na kichwa kidogo juu yake. Upepo ulikuwa umeuinua mpira ukauvusha juu ya kamba wakati sisi tunahesabu waliokuwa karibu. Feza alikuwa upande wa pili kabisa, amebeba watoto wawili. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani kwa ajili ya sikukuu.

Nataka niseme kwamba sikuogopa. Niliogopa. Nilisimama pale, nadhani kwa pumzi mbili, na katika pumzi hizo mbili nilimwona Saidi na kaptura yake ya kahawia. Nikavuta kamba chini, nikapita juu yake, nikaenda.

Kwenda kulikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililonitisha. Upepo ulikuwa unanisukuma kama mtu ana haraka nami. Nilihesabu mapigo ya mikono yangu kama Feza alivyonifundisha: kumi, pumua, tazama. Kumi, pumua, tazama. Mpira ulikuwa unakwenda pia. Nilipoufikia na kuushika, niligeuka, na watu wa ufukweni walikuwa wadogo kama sindano.

Chantal alikuwa hajalia. Ameukumbatia mpira kwa mikono yote, midomo imekuwa ya kijivu. Akaniambia, "Minye sikuachilia."

Nikamwambia amefanya vizuri, aendelee hivyo hivyo. Nikamfunga bidoni langu mkononi mwake kwa ile kamba fupi, kisha nikaanza kupiga miguu kurudi. Nilipiga miguu hadi tumbo likauma. Nilipoangalia, hatukuwa tumesogea. Upepo wa mbele unaurudisha mpira mkubwa kama ule, miguu yangu ifanye nini. Hapo nilielewa kwamba sitamrudisha. Ninachoweza ni kutomwacha aende mbali zaidi.

Basi nikafanya hicho. Nilipiga miguu ili tubaki pale pale. Mvua ilianza, matone makubwa, ziwa likawa jeupe, ufukwe ukapotea. Chantal aliniuliza maji haya yanaishia wapi. Nikamwambia Burundi. Akauliza kama Burundi ni mbali kuliko Rurambo. Nikamwambia anisimulie habari za Rurambo. Akanisimulia majina ya ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, meno yakigongana, na mimi nikawa nayarudia kila jina huku napiga miguu. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka kwamba walikuwa wengi, na nilishukuru kwamba walikuwa wengi.

Mtumbwi ulitokea ndani ya mvua tukiwa kwenye ng'ombe sijui wa ishirini na ngapi. Feza alikuwa mbele na kasia, mvuvi mmoja nyuma. Feza aliweka kasia chini. Alimshika mtoto kwapani akamwinua, kisha akanishika mimi kwenye kanzu yangu ya kuogelea, mgongoni, akavuta. Mshono haukuachia. Naomba hilo nalo liandikwe.

Tulipokaribia, watu walikuwa wamesimama kwenye mvua, hakuna aliyekwenda kujificha. Na mbele yao wote, ndani ya maji, maji magotini, kanzu imelowa na fimbo ameitupa, alikuwa Baba. Yeye ambaye hata njia ya chini hapiti. Alinyoosha mikono kabla mtumbwi haujafika. Feza akampa Chantal. Baba akambeba hadi kwa shangazi yake, akamfungua kile kipande cha kijani mkononi, akaenda kukifunga kwenye kamba mwenyewe. Mama Devota alikaa kwenye mchanga uliolowa na mtoto mapajani, akiongea Kirundi tu, maneno ambayo sikuyajua na niliyaelewa yote.

Mwenzetu alihesabu kamba. Akahesabu tena. Watoto mia mbili na kumi na saba walikuwa wameingia majini jana, na mia mbili na kumi na saba walitoka.

Kisha Baba alikuja nilipokaa, chini ya turubai la muuza mukeke, nikiwa nimefunikwa kitenge cha mtu nisiyemjua. Alikaa kando yangu. Mvua ilikuwa inapiga juu yetu kiasi kwamba ilibidi aongee karibu na sikio langu. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyangoja tangu nina miaka kumi na sitaki yapotee.

"Siku ile, mama yenu alikataa musiende. Minye ndiye nilisema wacha watoto wafurahi. Weye ulikuwa mutoto, Zaina. Sikunyamaza juu yako. Nilinyamaza juu yangu."

Nilimwegemea begani, jambo ambalo sijafanya tangu harusi yangu. Alinuka ziwa. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, watu wakaanza kuwasha tena mkaa.

Nimeamka leo nikiisoma upya miaka yangu yote. Ni kazi ngumu, kama kufumua koti la zamani: kila uzi uliofikiri unashikilia hapa, kumbe ulikuwa unashikilia kule. Kuna mahali nakuta hasira. Tungeweza kuyaongea haya nikiwa na miaka kumi na mitano, ishirini, thelathini. Mama angekuwa hai kuyasikia. Lakini hasira haikai muda mrefu leo. Ina mshindani.

Asubuhi, kabla sijafunika cherehani, mlango uligongwa. Nilifikiri ni mteja wa kulalamika kuhusu suruali. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wamebanana chini ya miavuli minne. Baadhi yao niliwashonea gauni za Pasaka. Mmoja ana miaka kama sitini, muuza mihogo, mama wa watoto saba. Mama Devota alikuwepo pia, ametoka uwandani na mvua yote hii, na Chantal kamshika sketi. Walisema hawataki gauni. Walitaka vipimo vya nguo ya ziwani.

Nikawapima. Kifua, kiuno, mguu. Kisha wakaomba nianze kuwafundisha kuogelea Jumamosi hii. Feza ameondoka leo alfajiri kwenda Makobola kwenye matanga ya mjomba wake, atakaa wiki nzima, na wao hawataki kungoja. Walimwomba yule wa miaka sitini aseme kwa niaba yao, akasema, "Sisi tunakutaka weye. Feza alizaliwa akijua. Weye ulijifunza."

Mimi niliyewaambia wanangu kuna mamba. Mimi ni mwalimu wa kuogelea. Nimewapigia simu Bukavu mchana huu nikawaambia ukweli wote, habari za mjomba wao, habari za dirisha, habari za jana. Mkubwa akasema likizo ikianza atakuja, nimfundishe na yeye.

Je, nitaweza? Sijui. Kuogelea najua, kufundisha sijui. Nitasimama pembeni, nitaongea habari za soko, nitangoja shingo zilegee.

Somo la kwanza ni Jumamosi, saa kumi na mbili za asubuhi. Inyeshe, isinyeshe, nitakuwa majini.